Maua matatu chini ya ukuta mmoja

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi kwetu Makete, ila sasa ni mwaka wa nne niko Puglia, kusini mwa Italia, namtunza bibi mmoja mzee. Wiki iliyopita nilimsindikiza kwenye shamba lao la mizeituni. Chini ya ukuta wa mawe nikaona ua fupi limekaliwa na nyuki. Nikapunga mkono kumfukuza, hakuondoka. Kumbe nyuki mwenyewe ndiyo ua. Bibi analiita vesparia. Hatua chache mbele kulikuwa na mengine mawili ya umbo lile lile, ila moja ni jeupe, mdomo wake wa kijani-njano na halina nyuki kabisa, na jingine mdomo wake umegawanyika: juu kahawia iliyopauka, chini kahawia iliyokolea. Picha nimekutumia. Hizi ni spishi tatu? Au ni ugonjwa, maana jirani yao hupuliza dawa ya magugu? Na je, naweza kuchimba kiazi kimoja nimpelekee mama? Kwetu nako ni baridi.

Jibu: Marahaba, mwanangu, na umsalimie bibi. Nakupa jibu fupi kwanza, marefu yatafuata. Yote matatu ni spishi moja ya okidi, Ophrys apifera. Lenye “nyuki” ndilo la kawaida. Jeupe linaitwa chlorantha, la rangi mbili linaitwa bicolor. Hizo ni namna tu ndani ya spishi ile ile, kama kishingo na kuchi walivyo wote kuku. Dawa ya jirani haihusiki. Kiazi usichimbe, na sheria ni sababu ndogo kuliko zote za kukuambia hivyo.

Tuanze na la kawaida. Kwenye picha yako ya pili bua lina maua manne. La chini limeanza kusinyaa na la juu bado ni tumba, kwa sababu okidi hii hufungua maua kuanzia chini kwenda juu, bila haraka. Bua huwa na urefu wa sentimita 15 hadi 50, na maua mawili mpaka kumi hivi. Kila ua lina sepali tatu (vijani vya nje vya ua) pana za waridi, kila moja ina mstari wa kijani katikati. Kati ya hizo sepali utaona vipembe viwili vifupi, vya kijani au vya kahawia, vyenye malaika. Hizo ni petali mbili, yaani vijani vya ndani vya ua. Petali ya tatu ndiyo iliyokudanganya. Imekuwa mdomo mnene wa kahawia, laini kama mahameli, wenye mabega mawili ya manyoya yaliyotuna pembeni, na katikati pana kibamba kinachong'aa kilichozungushiwa mstari wa njano, mfano wa ngao au herufi H. Mwisho wa mdomo kuna kijidole cha njano kilichojikunja kwenda nyuma, chini ya mdomo, hata ukilitazama ua usoni hukioni.

Kishike akilini hicho kijidole. Ndicho ninachokitafuta kwanza kila nikiletewa picha, kwa sababu ndugu yake apifera, Ophrys holosericea, naye yuko huko Puglia, na wapigapicha wengi huwachanganya. Cha holosericea huchomoza mbele na kupanda juu, kama ulimi wa mtoto mtundu.

Sasa jina. Bibi anasema vesparia, kutokana na vespa, yaani nyigu. Mwingereza William Hudson, aliyelipa ua hili jina la kisayansi mwaka 1762, yeye aliona nyuki: apifera ni Kilatini, “lenye kubeba nyuki”. Ophrys ni Kigiriki cha nyusi. Kati ya bibi na Hudson mimi ningempa Hudson, ila usimwambie bibi bado. Nyigu atatokea mbele kidogo.

Okidi za jenasi hii ya Ophrys, yaani kundi hili la spishi ndugu, hazimpi mdudu chochote. Hazina nekta, maji matamu ya ua, na chavua yake imefungwa vifurushi ambavyo nyuki hawezi kula wala kubeba kwa ajili ya watoto. Zinachouza ni uongo. Aliyeugundua uongo huo hakuwa hata mtaalamu wa mimea kwa kazi. Alikuwa hakimu Mfaransa aliyekaa Algeria, Maurice-Alexandre Pouyanne. Kwa miaka mingi alikuwa akiitazama Ophrys speculum, okidi ya kwenu huko Mediterania yenye mdomo wa buluu unaometa kama kioo. Mwaka 1916, pamoja na Mswisi Henry Correvon, akachapisha alichokiona. Wanaoliendea ua ni madume tu wa nyigu mmoja mwenye manyoya. Wanaliendea siku zile ambazo madume wameshatoka ardhini na majike bado. Na wanachokifanya pale juu ya mdomo wa ua si kula; wanajaribu kupanda. Wengi hawakumwamini mzee wa watu. Mwaka 1927 Edith Coleman, mpenzi wa maumbile wa Australia aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, akaeleza jambo lile lile kwa okidi za kwao na nyigu wa kwao, na hapo kucheka kukaanza kupungua.

Umbo peke yake halitoshi kumdanganya dume. Harufu ndiyo inayomvuta kutoka mbali. Mwaka 1999 ilionyeshwa kwamba Ophrys sphegodes, ndugu mwingine, hutoa mchanganyiko wa kemikali unaolingana na ule unaopakwa mwilini mwa nyuki jike wa spishi Andrena nigroaenea. Kwa hiyo dume anayetua hajakosea kwa ujinga. Pua yake imemwambia kweli, mahali ndipo si penyewe. Akihangaika juu ya mdomo, vifurushi vya chavua vinambandika kichwani. Akidanganywa tena na ua la pili, anaviacha huko.

Biashara ya namna hii ina masharti makali. Mdudu ni mmoja, au wawili. Harufu ikikosewa kidogo, umbo likipinda, hakuna mteja. Na hata ua likiwa halina kasoro, madume hujifunza, na majike wa kweli wakitoka ardhini mchezo umekwisha. Ndiyo maana okidi nyingi za jenasi hii hupata matunda machache kulingana na maua yake. Unaweza kukuta bua la maua sita na tunda moja.

Apifera kwa asili nayo ni tapeli wa aina hiyo hiyo. Wadanganywa wake ni madume wa nyuki wa jenasi Eucera, wale wenye vipapasio virefu kama pembe za swala, wanaoishi kila mmoja na shimo lake wala si kwenye mzinga. Bado wapo wanaotua. Lakini ukikaa mbele ya ua hili kutwa nzima ukisubiri, utarudi nyumbani na maumivu ya mgongo. Mimi nimekaa. Ilikuwa Gargano, huko huko Puglia kwa juu, kwenye malisho ya mbuzi yenye mawe meupe, mwezi wa Mei. Nyuki hakuja hata mmoja. Ila nikiwa na lenzi jichoni nikaona kitu ambacho sikukiendea.

Juu ya mdomo wa ua pana nguzo fupi inayochomoza mbele, mwisho wake umechongoka na kupinda kama kichwa cha bata. Ndani ya kichwa hicho mna vifuko viwili, na kila kifuko kina kifurushi kimoja cha chavua, njano ya kiini cha yai, kimefungwa kwenye uzi. Kwa ndugu zake uzi huo una ugumu wa kutosha, kifurushi hakitoki mpaka mdudu akibandue. Kwa apifera uzi ni mrefu, mwembamba na mlegevu mno. Ua likishafunguka, muda si mrefu vifuko vinaachia, na vifurushi vinadondoka. Havifiki chini. Vinaning'inia kwenye nyuzi zake mbele kabisa ya stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, kama ndoo mbili kisimani. Nikavitazama vikiwa vimetulia. Upepo wa kutoka baharini ukapita, vikabembea mara mbili, mara ya tatu kimoja kikagusa ute wa stigma kikanasa. Basi, harusi imekwisha. Bwana harusi na bibi harusi ni ua lile lile.

Charles Darwin alilijua hilo kabla yetu sote, na lilimsumbua. Katika kitabu chake cha mwaka 1862 kuhusu uchavushaji wa okidi anaeleza alivyofunika mimea kwa wavu, upepo upite na wadudu wasipite: vifurushi vikanasa kwenye stigma vyote. Halafu akaweka bua kwenye maji ndani ya chumba kisicho na upepo: vikaning'inia tu mpaka maua yakanyauka. Jaribio rahisi, hata wewe unaweza kulirudia. Kilichomsumbua ni kwamba kitabu kizima alikuwa akijenga hoja kuwa maumbile hayapendi mmea ujichavushe wenyewe kizazi baada ya kizazi, na hapa palikuwa na ua lenye kila kifaa cha kumnasa mdudu, ambalo halingoji mdudu.

Hapo ndipo lilipo jibu lako hasa. Ua linaloishi kwa kumdanganya nyuki haliruhusiwi kukosea. Sphegodes mmoja akizaliwa na mdomo mweupe au harufu pungufu, dume hamtazami, hapati mbegu, na kosa lake linakufa naye. Apifera akizaliwa hivyo, upepo haujali. Vifurushi vinadondoka vile vile, vinabembea vile vile, na ua la ajabu linatoa mbegu kwa maelfu sawasawa na jirani yake mwenye sura nzuri. Kila kosa linapata urithi. Ndiyo maana wengi wetu tunaona si bahati tu kwamba spishi hii inayojichavusha ndiyo yenye namna nyingi za ajabu kuliko ndugu zake wengi.

Kuna na jambo la pili, la damu. Waridi ya sepali na kahawia ya mdomo hutokana na rangi inayoitwa antosianini. Mmea ukishindwa hatua moja katika kuitengeneza, kinachobaki kuonekana ni kijani na manjano yaliyokuwa chini yake siku zote. Chlorantha wako ni huyo: hakupakwa rangi mpya, amekosa ya juu. Upungufu wa namna hii kwa kawaida hurithiwa kwa kujificha. Mmea wenye nakala moja mbovu ya jeni, yaani agizo la urithi, na moja nzima huonekana mzima. Kwa okidi inayomtegemea nyuki, ili mtoto mweupe apatikane, chavua iliyoletwa kutoka mbali nayo lazima iwe na ubovu ule ule, na hilo ni nadra. Kwa apifera baba na mama ni mmoja. Mzazi akibeba nakala moja mbovu, karibu robo ya mbegu zake zitapata mbovu zote mbili. Na wale weupe wakijichavusha, watoto wao wote ni weupe. Ndiyo maana mara nyingi chlorantha hukutwa wawili watatu pamoja. Nenda uangalie vizuri upande wa pili wa ule ukuta.

Usidhani lakini kwamba nyuki amestaafu moja kwa moja. Mahuluti ya apifera na holosericea yanajulikana na yana jina lake, Ophrys ×albertiana, na huluti hauzaliwi kwa upepo wa kubembeza uzi. Mara moja moja mtu hutua.

Bicolor anaeleweka kwa njia hiyo hiyo, ila kwake rangi haikukosekana, imepangwa vibaya. Ngao na mistari ya njano imefutika. Nusu ya juu ya mdomo imepauka na ya chini imekolea, kama sufuria iliyochovywa nusu kwenye masizi.

Namna nyingine huenda usizione huko, lakini ukishaanza kutazama hutaacha, kwa hiyo nakutajia. Kuna trollii: mdomo mrefu, mwembamba, ncha yake imechongoka na kunyooka chini badala ya kujikunja, na ngao imevunjikavunjika kuwa madoa ya njano na kahawia. Waingereza wanamwita okidi nyigu, na ukimwona utakubali kwamba bibi hakukosea sana. Kuna aurita, “mwenye masikio”, ambaye vile vipembe viwili vya petali vimerefuka. Kuna belgarum, aliyepewa jina Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990, mdomo wake hauna mabega na una mkanda wa njano unaokatiza katikati. Na kuna botteronii, ninayempenda kuliko wote. Kwake petali mbili zimesahau kwamba ni petali, zikakua pana na za waridi kama sepali, na ua zima likawa nyota ya pembe tano yenye mdomo. Robert Chodat wa Geneva alimweleza mwishoni mwa karne ya 19, akamwita spishi kamili.

Hilo la kuita spishi lisikufanye uone haya kwa swali lako. Majina trollii na chlorantha yalianza kwa Johannes Hegetschweiler, daktari na mtaalamu wa mimea wa Uswisi, na yeye naye aliyaandika kama spishi. Maskini hakupata muda wa kubadili mawazo: alikuwa pia mjumbe wa serikali ya Zürich, na katika ghasia za Septemba 1839, alipotoka kwenda kusimamisha mapigano, alipigwa risasi akafa siku chache baadaye. Leo jenasi nzima ya Ophrys bado ina ugomvi huo huo. Kuna vitabu vinavyohesabu spishi chini ya 20 na kuna vinavyozidisha 300, vyote vimeandikwa na watu waliotembea kilima kile kile. Mimi niko na wachache. Kuna watu wakiona doa jipya wanakimbilia Kilatini kabla hawajapiga magoti kuangalia mmea wa pembeni.

Sasa hofu yako ya dawa. Dawa ya magugu inaweza kulipotosha ua. Baridi kali ya usiku mmoja inaweza. Hata konokono akilitafuna tumba mapema, ua hufunguka kilema. Kipimo changu ni hiki. Angalia bua zima. Ikiwa maua yote ya bua moja yana mabadiliko yale yale, na mwakani mmea ule ule ukarudia, hiyo ni namna. Ikiwa ua moja limepinda na lililo juu yake ni la kawaida, hiyo ni ajali. Na dawa haichagui ua ikaacha majani: ungeona majani yamegeuka njano au yamejisokota. Kwenye picha yako bua jeupe lina maua matatu, yote meupe, na mashina yamenyooka. Jirani ana hatia nyingine labda, hii si yake.

Tuje kwenye kiazi cha mama.

Chini ya apifera kuna viazi viwili vya mviringo, kama mayai ya njiwa yaliyolala pamoja. Kimoja ni cha mwaka huu, kinanywea kwa kulisha bua; cha pili kinajaa kwa ajili ya mwakani. Kwa ajili ya viazi hivyo Wagiriki waliita mimea hii orchis, yaani korodani, na neno okidi limetoka huko. Waarabu hawakuwa mbali: sahlabu, kinywaji kizito cha moto cha Misri na Shamu, jina lake huelezwa kuwa limetokana na “khusyat al-tha'lab”, korodani za mbweha. Ukifikiria kitenzi chetu cha kuhasi fahali, utaona ni ukoo mmoja. Unga wa sahlabu ni viazi vya okidi pori vilivyochemshwa, vikakaushwa na kusagwa, na Uturuki hutiwa pia kwenye aiskrimu yao ile inayovutika kama ulimbo. Kilo moja ya unga hutaka viazi 1,000 hadi 4,000.

Wewe mtu wa Makete hadithi hii unaijua kwa jina jingine. Viazi vya okidi za Kitulo na nyanda za jirani huchimbwa na kuvushwa mpaka Zambia, huko vinatwangwa na karanga na pilipili, vinapikwa mpaka vinaganda, vinakatwa vipande kama keki: chikanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na 4.1 vilikuwa vikivuka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kitulo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ninyi wenyewe mnaiita Bustani ya Mungu. Mchimbaji wa Makete na mchimbaji wa Anatolia, huko Uturuki, hawajuani, lakini wanachimba familia moja.

Umesema kwenu nako ni baridi. Kweli, ila baridi yenu inakuja kwa wakati usio wake. Apifera anaamka na mvua za vuli za Mediterania, Oktoba au Novemba; anatandaza majani yake chini kama sinia na kukaa nayo mabichi kipupwe chote, kwa sababu kipupwe cha huko ndicho chenye maji. Anatoa maua Aprili na Mei, anaacha mbegu, na kiangazi cha jua kali kinamkuta amelala kiaziini. Makete mvua zinaanza Novemba hadi kwenye Mei, wakati wa joto lenu, na baridi ya Juni na Julai ni kavu. Okidi za Kitulo nazo zina viazi na nazo hulala ardhini, ila hulala kwa kukimbia baridi kavu, wakati apifera hulala kwa kukimbia joto kavu. Ukimpeleka Makete ataamka lini? Mwili wake utamwambia mvua na baridi vije pamoja, na kwenu haviji pamoja.

Na hata ukimtengenezea kalenda yake ndani ya chungu, umeacha nusu ya mmea nyuma. Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina chakula ndani yake hata cha siku moja. Ili iote lazima kuvu maalumu wa udongoni waiingie na kuilisha, na huchukua miaka kadhaa ya kuishi gizani na kwa majani machache kabla bua la kwanza halijatoka. Mmea mkubwa nao hauachani kabisa na kuvu hao. Ukichimba kiazi ukakiosha udongo wake, unafuta jamaa zake wote. Wengi huchipua mwaka mmoja kwa akiba iliyomo, mwenye nyumba akafurahi, mwaka wa pili kimya.

Sheria nitaipitia haraka. Familia nzima ya okidi imo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe pori, kwa hiyo kuvusha kiazi cha porini kutoka Italia kwenda Tanzania kunahitaji kibali, na juu yake cheti cha afya ya mimea. Huna, na hawatakupa kwa kiazi ulichochimba ukutani kwa watu. Wapo wakulima wa Ulaya wanaootesha apifera kutoka kwenye mbegu, kwenye chupa za maabara, na hao huuza kwa karatasi halali. Lakini kwa sababu ya kalenda niliyokueleza, hata hiyo nisingempelekea mama. Mchapishie picha kubwa. Au ukirudi likizo ya mwezi wa kwanza au wa pili mpeleke Kitulo wakati uwanda umefunguka, uone kama hatapata za kwake za kukuonyesha.

Kinachobaki ni kuyalinda haya matatu pale yalipo, na hapo nina neno la tahadhari. Kwa kawaida ningekwambia umwombe mwenye shamba asifyeke mpaka maganda ya mbegu yawe kahawia na kupasuka, yaani mpaka Juni au Julai. Lakini Puglia ina msiba wake. Bakteria Xylella fastidiosa aligunduliwa kwenye mizeituni ya huko mwaka 2013, na ameua miti mingi sana. Husambazwa na mdudu mdogo arukaye ambaye watoto wake hukua ndani ya mapovu kwenye majani ya chini, mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Kwa hiyo maeneo mengi mkulima analazimika kulima au kufyeka majani mwezi Machi na Aprili, kipindi hicho hicho apifera anaponyanyua bua. Siwezi kukuambia umshauri bibi avunje agizo linalookoa mizeituni ya familia yake. Ila wewe umesema maua yako chini ya ukuta wa mawe. Pengine ndiyo maana yamepona: trekta halifiki ukutani. Waulize wanaokuja kulima kama mtakubaliana kile kipande cha nusu mita kiguswe kwa mkono, majani yang'olewe, okidi ziachwe. Usiweke kijiti wala utepe. Wapita njia huvifuata. Piga picha mawe ya ukuta, yatakuonyesha mahali mwakani. Novemba rudi utafute majani yaliyolala chini, marefu kiasi cha kidole, ya kijani chenye kijivu. Wakati wa maua, hayo majani huwa yameshaanza kukauka, ndiyo maana hukuyaona.

Neno moja la mwisho kuhusu yule wa rangi mbili. Umempiga picha kutoka juu, na nimetaja bicolor kwa kuangalia mdomo tu. Kabla hajasinyaa, lala chini umpige kwa ubavuni, jua likiwa nyuma yako, nione kijidole kimekunjwa wapi na kama nyuzi zimeshadondoka. Na mwambie bibi asilishike bua safari hii. Kwenye picha ya tatu kidole gumba chake kimeziba nguzo yote.